Mzungu Aliyeazima Mdomo wa Mkara

Kitabu chenyewe ni chembamba, kinaingia mfuko wa koti bila shida. Nilikikuta Jumamosi moja asubuhi kwenye soko la mitumba kando ya mto Weser, Bremen, ndani ya boksi la ndizi, kimelaliwa na kitabu cha mapishi na ramani ya Ulaya iliyochanika. Muuzaji alitaka euro mbili. Jina la mwandishi, Hans Paasche, halikuniambia kitu. Kilichonifanya nitoe hizo euro mbili ni neno moja tu lililokuwa kwenye jalada: Mukara.

Mama yangu ni Mkara. Kwa asiyejua, Ukara ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe. Watanzania wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kutia nanga Bwisya, wakafa watu zaidi ya 220. Kabla ya hapo waliokuwa wanakijua kisiwa chetu ni sisi wenyewe na mabwana shamba, ambao tangu enzi za mkoloni wamekuwa wakija kushangaa jinsi watu wengi vile wanavyokula kwenye ardhi ndogo vile. Ng'ombe wanafungwa ndani, wanakatiwa majani, samadi inachotwa shimoni na kubebwa kichwani hadi shambani. Hiyo ndiyo sifa yetu duniani: samadi. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakutana na kabila la mama yake kwenye jalada la kitabu cha Kijerumani, katikati ya baridi ya Bremen.

Jina la kitabu, nikilileta kwa Kiswahili, ni Safari ya Uchunguzi ya Mwafrika Lukanga Mukara Ndani Kabisa ya Ujerumani. Utani wake ni huohuo. Wakati ule kila Mzungu aliyekuwa na helmeti na wapagazi arobaini alikuwa akirudi kwao na kuandika kitabu cha safari yake "ndani kabisa ya Afrika": walichokula wenyeji, walivyovaa, walivyozika, meno yao, ngoma zao. Paasche aliigeuza meza. Safari hii anayesafiri ni Lukanga, mtu wa Ukara, ametumwa na mfalme wake wa Kitara akawatazame Wajerumani na kumletea habari. Anaandika barua, kila moja akimwita mfalme Mukama, na wenyeji wake anawaita Wasungu, hivyohivyo, kwa "s", kama sikio la Kijerumani lilivyolidaka neno letu.

Na wenyeji hao wana vituko. Wananyonya moshi. Wanajifunga nguo juu ya nguo hadi ngozi inasahau jua, na wanawake wao wanajibana kiuno kwa mkanda mgumu mpaka pumzi inawakatika. Siku ya kuzaliwa kwa Kaisari wanaume wazima wanakaa mezani wakila na kunywa, wakinywa tena, na hiyo ndiyo heshima kwa mfalme. Wanakimbia. Wanahesabu kila kitu: vitu vinavyobebwa kwenda, vitu vinavyobebwa kurudi, halafu kuna watu ambao kazi yao ni kuwahesabu wanaohesabu. Nilisoma nikiwa ndani ya tramu, nikacheka kwa sauti, mama mmoja akanitazama vibaya. Katika tramu ya Bremen hakuchekwi ovyo, jambo ambalo Lukanga naye angeliandikia barua.

Barua hizo zilianza kutoka mwaka 1912 katika jarida liitwalo Der Vortrupp, ambalo Paasche alilianzisha na mwenzake Hermann Popert. Zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1921. Wakati huo mwandishi alikuwa kaburini mwaka mzima, na hakufa kwa maradhi.

Wako wanaomwita mwandishi wa riwaya. Mimi naona neno hilo linampwaya; aliandika barua za kubuni, vitabu vya safari na vita, vijitabu vya siasa, na alikuwa mtu wa vitendo zaidi kuliko wa meza. Lakini alibuni mhusika mmoja aliyemzidi umri, na kuna waandishi wa riwaya ishirini ambao hawakufanikiwa hata hilo.

Nilipofika nyumbani niliwasha kompyuta kumtafuta. Nilitarajia mmisionari, au profesa. Nikakuta afisa wa jeshi la maji, na kituo chake cha kazi: Rufiji, 1905.

Hapo kicheko kilikatika.

Paasche alizaliwa Rostock mwaka 1881. Baba yake, Hermann Paasche, alikuwa profesa wa uchumi na mwanasiasa mkubwa, akafika kuwa makamu wa rais wa bunge la Ujerumani. Kijana aliingia jeshi la maji mwaka 1899, na 1904 akaletwa pwani yetu akiwa afisa wa kuongoza njia katika manowari Bussard, maana yake ndege wa jamii ya mwewe. Kwa meli ya kikoloni, jina lilikaa sawasawa. Alijifunza Kiswahili, tena si cha kuagizia maji ya kuoga tu. Alipenda kuwinda, akapenda zaidi kupiga picha za wanyama. Mwaka 1905 baba yake naye alikuja Afrika Mashariki kukagua mashamba na biashara, akarudi na kutoa kitabu chake cha uchumi wa koloni mwaka uliofuata. Nikimsoma Lukanga anavyowacheka wanaohesabu, huwa najiuliza kama mtoto hakuwa anamcheka baba yake, kwa njia ambayo baba hawezi kumwitia kikao.

Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba. Mnajua yaliyofuata, vita vya Maji Maji, tumeyasoma sote darasa la saba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro. Mwezi huohuo serikali ya Dar es Salaam, iliyokuwa na askari wachache kuliko kiburi chake, ikawachukua mabaharia wa Bussard ikawapeleka Rufiji, na Paasche, umri miaka 24, akapewa kikosi. Aliongoza mapigano dhidi ya watu waliokuja na mikuki, magobore na maji. Aliamuru risasi. Akavishwa nishani yenye panga kwa kazi hiyo. Hili siwezi kulipitia mbio, kwa sababu waandishi wengi wa Kijerumani wanaompenda hulipitia mbio: "uzoefu wa vita Afrika ulimfanya mpenda amani," wanasema, sentensi moja, kisha wanahamia Berlin. Uzoefu! Kwa hesabu ya serikali ya Kijerumani yenyewe walikufa watu 75,000 katika Maji Maji na njaa iliyofuata. Wanahistoria wetu, akiwemo Gilbert Gwassa, wamefika kwenye 250,000 hadi 300,000. Shule ya amani ya Hans Paasche ilikuwa na ada, na aliyeilipa si yeye.

Lakini ni kweli kuna kitu kilimtokea kule. Wakati makamanda wengine wakichoma vijiji na maghala ili njaa imalize kazi, yeye kwa eneo lake la mto alianza kuzungumza. Aliweka kambi Mtanza, juu kidogo ya mto, sehemu ambayo leo watalii hupita kwenda mbugani, akawaita watu warudi, wakae, walime. Kiswahili chake ndicho kilichomsaidia. Wajerumani wa koloni walikuwa na neno walilolichukua kwetu na kuliandika kwa herufi zao, Schauri. Kwao lilikuwa na maana ya kesi za wenyeji, kelele, jambo la kupotezea muda. Paasche ni mmoja wa wachache walioonekana kuelewa kwamba shauri ni kukaa chini na kusikilizana hadi jua liende. Simpambi. Shauri linaloitishwa na mtu mwenye bunduki halijawa la haki bado. Ila mtu aliyerudi kwa watoto wake Mtanza badala ya kufia porini, nadhani, hakuwa na nafasi ya kuchagua aina ya haki.

Kitabu chake cha kwanza, Im Morgenlicht, yaani Katika Nuru ya Asubuhi, kilitoka 1907. Nimekisoma kwa kuruka kurasa. Viboko, tembo, mapambano, machweo. Bado ni kitabu cha bwana afisa. Mtu hageuki kwa siku moja, na hili ndilo linalonifanya nimwamini: ukifuata vitabu vyake unamwona akigeuka polepole, kama meli kubwa inayokata kona.

Mwaka 1908 alimwoa Ellen Witting, binti wa meya wa zamani wa Posen, ukoo wa asili ya Kiyahudi. Fungate lao walikuja kulifanyia huku, 1909 hadi 1910, kwa miguu na wapagazi kuelekea Ziwa Victoria na vyanzo vya Nile. Hapo ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu, alipokutana na Mkara anayeitwa Lukanga. Kama kweli alikuwepo mtu huyo au ni mbinu ya mtunzi, msomaji ajiamulie. Mimi nina shaka, na nitaieleza.

Aliacha jeshi, na huko Ujerumani akawa aina ya mtu ambaye kwetu tungemwita msumbufu wa heri. Hanywi pombe, havuti, hali nyama. Anatetea wanawake wapige kura. Anapiga kelele ndege wasiuawe kwa ajili ya manyoya ya kofia za akina mama wa mjini. Oktoba 1913 alikuwa miongoni mwa maelfu ya vijana waliopanda mlima Hoher Meissner, karibu na Kassel, kufanya mkutano wao huku taifa zima likiadhimisha kwa magwaride miaka 100 ya vita vya Leipzig. Barua ya mwisho ya Lukanga inatokea huko. Mkara wa watu amekaa kilimani na vijana wa Kijerumani waliovaa kaptura, na kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima anaona Wasungu wanaompa matumaini. Ninapoisoma barua ile moyo hunishuka. Miezi kumi baadaye vijana walewale walikuwa wamevaa sare.

Naye alivaa. Hili linawaumiza mashabiki wake, na linaniuma mimi pia. Mwaka 1914 Paasche alirudi jeshini kwa hiari, na 1916 akatoa hadithi ya kivita iliyonunuliwa sana, Fremdenlegionär Kirsch, ya Mjerumani anayetoka Kamerun na kupita katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa ili tu afike kwao akapigane. Mtu yuleyule aliyeandika Lukanga! Kuna watu watakaokwambia alikuwa anatafuta hela, au alidanganyika kwamba Ujerumani imevamiwa. Mimi nasema alikuwa mtoto wa nyumba ile, na nyumba uliyolelewa huwa inakuita hata baada ya kuihama.

Walimpa kituo cha Roter Sand. Huu ni mnara wa taa uliojengwa 1885 ndani ya bahari yenyewe, pale Weser inapomwaga maji katika Bahari ya Kaskazini. Niliuona kiangazi kilichopita kutoka kwenye boti ya matembezi: mstari mwekundu, mstari mweupe, vibaraza vidogo vya kioo juu, na pande zote hakuna kitu, maji ya rangi ya chuma tu. Boti iliuzunguka mara moja, watu wakapiga picha, tukarudi kula samaki. Yeye aliwekwa pale akiwa kamanda. Nafikiri mahali kama pale, usiku, na mawimbi yakigonga chini, mtu akiwa na Rufiji ndani yake ataisikia.

Ilipofika 1916 wakamtaka awe hakimu katika mahakama ya kijeshi, ahukumu baharia aliyeshitakiwa uchochezi. Akakataa. Ni neno dogo, lakini katika jeshi la Kaisari wakati wa vita lilikuwa sawa na kuvua suruali mbele ya bendera. Wakamwondoa jeshini. Akaenda kwenye shamba lake, Waldfrieden, "amani ya msituni", sehemu ambayo leo iko Poland, akaanza kusambaza makaratasi ya kupinga vita. Shambani alikuwa na wafungwa wa kivita wa Kifaransa wanaofanya kazi, na Julai 1917 aliwaacha washerehekee sikukuu ya taifa lao. Jirani zake hawakufurahi. Alikamatwa mwaka huohuo kwa kosa la uhaini. Kilichomwokoa na kitanzi ni madaktari na jina la baba: alitangazwa mgonjwa wa akili na kufungiwa Berlin. Mtu amepigana vita mbili, hakuna aliyempima kichwa. Siku aliposema vita basi, ndipo daktari akaitwa.

Tarehe 9 Novemba 1918 mapinduzi yalifika, na waliokuja kumfungulia mlango walikuwa mabaharia. Wakamchukua moja kwa moja hadi kwenye baraza kuu la wafanyakazi na wanajeshi la Berlin. Alidai waliosababisha vita wakamatwe. Hakusikilizwa. Desemba ileile homa ya Kihispania ikamchukua Ellen. Alibaki na watoto wanne.

Mwaka uliofuata alitoa vijitabu ambavyo kwangu ndivyo kilele chake, ingawa Lukanga ndiye anayependwa. Kimoja kinaitwa Hatia Yangu Katika Vita vya Dunia. Angalia kichwa hicho. Ni 1919, Ujerumani nzima inajadili nani mwenye hatia, kila mmoja ananyosha kidole kwa jirani, halafu mtu mmoja anaandika yangu. Kingine ni Afrika Iliyopotea. Wenzake wote walikuwa wanalia koloni zirudishwe. Yeye aliwaambia kwamba Afrika waliipoteza siku walipoingia nayo vibaya, si siku ya mkataba wa Versailles. Alijiunga pia na umoja wa wapenda amani Bund Neues Vaterland, alimokuwemo Albert Einstein. Lakini alikuwa amechoka. Alirudi Waldfrieden kulea wanawe.

Tarehe 21 Mei 1920 ilikuwa siku ya joto. Alikuwa ziwani, peku, na nguo nyepesi ya kuogea, watoto wakiwa karibu. Polisi wa kijijini akaja kumwita, kuna shughuli kwake. Wanajeshi kama 60 walikuwa wameizunguka nyumba wakisema wameambiwa kuna silaha zimefichwa. Alipokaribia akawaona, akageuka kukimbia, wakampiga risasi. Walipekua nyumba nzima. Hapakuwa na silaha. Hakuna aliyetiwa hatiani. Wakubwa waliona ni bahati mbaya tu. Mwandishi wa dhihaka Kurt Tucholsky aliandika shairi la uchungu katika jarida Die Weltbühne, nalo lilianza kwa kusema ni mwingine tena, kwa kuwa mauaji ya namna ile yalishakuwa desturi. Paasche alikuwa na umri wa miaka 39. Mwanawe Jochen alikuja kumwoa binti wa jenerali Kurt von Hammerstein, na kwa kuwa damu ya Ellen ilikuwa imekuwa kosa mbele ya sheria za Hitler, wawili hao walikimbilia Japani mwaka 1935.

Mwaka uleule wa kifo chake, 1920, kilitoka kitabu kingine, cha hotuba za "mshenzi" anayewacheka Wazungu, safari hii chifu wa Samoa. Der Papalagi kilikuja kuuzwa dunia nzima, na wengi hadi leo wanasema mwandishi wake aliiba wazo kwa Paasche. Msamoa wa bandia akatajirisha watu. Mkara wa bandia akasahaulika kwenye boksi la ndizi.

Nimesema wa bandia. Nirudi kwenye shaka yangu. Nilimpigia simu mama mdogo, anayeishi Ukara, nikamweleza kwamba kuna Mzungu zamani aliandika kitabu kwa jina la mtu wa kwao. Alifurahi sana. Nikamsomea kidogo, natafsiri palepale, mtandao ukikatika na kurudi. Kiuno cha kubanwa alikicheka mpaka nikasikia majirani wanauliza kuna nini. Moshi, akacheka. Nikafika kwenye Lukanga anavyoshangaa Wajerumani wanavyokunywa.

"Subiri kwanza, mwanangu. Mkara akashangaa pombe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Basi huyo si wa huku."

Na ndiyo hoja yangu yote ya kitaalamu, yeye ameimaliza kwa maneno matano. Lukanga anapenda kila alichokipenda Paasche: jua, maji safi, mwili usiobanwa, kichwa kisicho na ulevi. Anachukia kila alichokichukia. Ni Mjerumani mwenye kiu ya mageuzi aliyevaa ngozi ya mjomba wangu. Nimesoma kitabu kizima nikitafuta samadi, ng'ombe wa ndani, ugomvi wa mipaka ya shamba, mtu hata mmoja wa Ukara ninayeweza kumtambua, sikumpata. Wala hakuna mtu wa Rufiji. Waliomfundisha Paasche kuchukia vita walikuwa Wamatumbi na Warufiji, lakini alipotaka mdomo wa Mwafrika wa kuusema ukweli, alikwenda kuuazima kisiwani, mbali na mto, kwa watu ambao hakuwahi kuwapiga risasi. Sijui kama alilifanya kwa makusudi. Ningekuwa yeye, nami ningeogopa kumpa kalamu mtu wa Mtanza.

Nilimweleza mama mdogo na mwisho wake: ziwani, peku, watoto wakiwepo. Akanyamaza. Akasema pole, kama vile amefiwa jirani. Kisha akauliza kile kitabu nilikinunua shilingi ngapi. Nikamwambia euro mbili, kwa pesa yetu ni kama elfu sita hivi.

"Na huyo Lukanga," akasema, "walimpa ngapi?"